Nchagwa na Mluzi wa Maji

Nchagwa alikuwa mtu wa kinyaa, na hakuficha. Ukimtilia chai kwenye kikombe chenye ufa, hanywi. Ukimkaribisha ugali na wewe mwenyewe umenawa kwa kuchovya vidole tu, atasema ameshiba, hata kama tumbo lake linanguruma mpaka jirani anageuka. Akipishana na mtu anayenuka pombe ya jana, anageuza uso na kutema mate kando ya njia, wala haangalii nani anamwona. Watu wa Rangwe, alikokuja kuishi uzeeni, walimcheka sana. Walisema huyu mzee Mkuria anajiona bwana harusi siku zote. Yeye aliwaambia pua yake haikuwekwa pale kwa mapambo, akaendelea na safari yake.

Kwao ni Kegonga, kule juu karibu na mpaka wa Tanzania. Alikulia nyuma ya ng'ombe, na ajabu yake ni kwamba zizi halikumtia kinyaa hata siku moja. Mavi ya ng'ombe aliyashika kwa mikono mitupu, akakandika ukuta, akanawa, akala. "Hizi ni nyasi tu," alikuwa akisema. "Uchafu uko kwa watu." Na watu walijitahidi kweli kweli kumpa ushahidi. Alipokuwa kijana aliyeoa juzi tu, wezi walivunja zizi la baba yake wakaswaga ng'ombe wote hadi ng'ambo ya mpaka, na aliyewaonyesha njia alikuwa jirani aliyekula kwao jioni ile ile. Mtu amekula, ameshukuru, amepangusa mdomo, kisha ameenda kuita wezi! Nchagwa aliwalilia ng'ombe, ndiyo, lakini kilichomkaa rohoni ni ule mdomo uliopanguswa.

Baada ya hapo akashuka Osiri kuchimba dhahabu. Huko aliona watu wakikanda udongo na zebaki kwa viganja vitupu, na viganja hivyo hivyo vikamega ugali. Siku moja shimo liliporomoka na watu wakiwa ndani, na kabla vumbi halijatulia mwanamume mmoja akauliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, zamu ya shimo lile sasa itakuwa ya nani. Nchagwa alikuwa amesimama karibu naye. Alikunja blanketi lake siku hiyo hiyo akaondoka. Mkewe alikuwa ameshafariki, na hawakujaliwa mtoto. Aliyebaki wa kumwita wake ni Boaz, mtoto wa dada yake Pauline, ambaye alimpenda kama mwanawe wa kuzaa.

Hivyo ndivyo alivyofika Hifadhi ya Got Omoro. Ni kilima na bonde lake, ukitoka Rangwe unaelekea upande wa Lambwe. Waluo wa pale wamekiita kilima hicho kwa jina la mnyama, omoro, ambaye Kiswahili kinamwita korongo. Sisemi yule ndege wa miguu ya vijiti. Huyu ni swala, tena swala mwenye mwili wake: bega linafika kifuani mwa mtu mzima, uso mweusi wenye mabaka meupe, pembe zimepindia nyuma, masikio marefu kama ya punda yenye vishungi kwenye ncha. Zamani bonde lote lilikuwa lake. Watu wakamla, wakalima malisho yake, wakachoma vichaka vyake, na waliosalia wakatandikiwa mitego ya waya. Halafu watu hao hao wanakaa barazani na kuuliza, macho makavu, hivi omoro walienda wapi? Walienda tumboni, ndugu zangu. Wangeenda wapi kwingine?

Aliyekuwa akijaribu kuwarudisha ni Daktari Dolphine Bochaberi, daktari wa mifugo kutoka Kisii, Msabato wa kweli, mwanamke mfupi mwenye hatua ndefu. Alikuwa na boma kubwa lenye ua mrefu, na ndani yake korongo wachache waliokusanywa kwa shida kubwa. Walizaana humo, na mpango ulikuwa ua ufunguliwe siku moja, waende zao bondeni wakaishi kama babu zao. Siku ya kwanza alimweka Nchagwa chini akamwambia kanuni ya kazi.

"Hapa hatufugi, Mzee Nchagwa," alisema. "Tunawatunza wabaki wakali. Huyu mnyama akikuzoea, umemuua."

Kwa hiyo hapakuwa na kuwapa majina. Hapakuwa na kuwagusa wala kuzungumza karibu nao. Watunzaji walivaa ovaroli za kijivu zisizofuliwa kwa sabuni, majani makavu yakasukumwa kupitia tundu la ukutani, na anayeleta chakula akajificha mpaka wamalize. Nchagwa aliipenda kanuni hiyo kuliko kanuni yoyote aliyowahi kupewa. Kazi ya kukaa mbali na kunyamaza! Ilikuwa kana kwamba mtu amekaa akaitunga kwa ajili yake.

Alipewa zamu ya maji. Kila alfajiri, kabla Daktari na wengine hawajafika, alikuwa akifungua bomba na kujaza birika la saruji kando ya ua. Na hapo ndipo mambo yalipoharibika, wala hakujua.

Kule Kegonga ng'ombe hanyweshwi kimya kimya. Ng'ombe wakiinamisha vichwa mtoni, mchungaji husimama juu yao na kupiga mluzi, mluzi wa chini, mrefu, unaoshuka mwishoni, na ng'ombe hutulia, hunywa mpaka mbavu zinajaa. Huo ni mluzi wa maji. Mtoto anaupata kabla hajajua kuhesabu, na akishaupata haumtoki tena, anaupiga kama anavyopumua. Nchagwa aliambiwa asiseme, na hakusema. Aliambiwa asiguse, na hakugusa. Lakini maji yalipoanza kumiminika birikani, midomo yake ilijikunja yenyewe. Ungemshika bega pale pale na kumuuliza, angeapa kwa kaburi la baba yake kwamba hajapiga mluzi.

Korongo waliinua masikio. Siku za mwanzo walisubiri aondoke. Baadaye wakawa wanasogea angali amesimama. Mwishowe walikuwa wakiusikia tu mluzi, hata wakiwa upande wa pili wa boma, na wanakuja wakikimbia. Nchagwa alidhani ni kiu.

Aliyekuwa wa kwanza kufika kila asubuhi ni jike mmoja ambaye pembe yake ya kushoto ilipinda kidogo kwenda nje. Hakuwa na jina, maana Nchagwa alishika kanuni. Lakini alimwangalia. Jike huyo alikuwa hanywi maji yenye takataka. Alikuwa akipuliza juu ya maji kwa pua, na akiona jani au mdudu anarudi nyuma na kungoja, uso umekunjamana, wakati wenzake wanaburura midomo humo humo. Nchagwa alicheka peke yake mara ya kwanza alipoliona hilo. Tangu hapo alikuwa akisugua birika kwa majani ya mlonge na kuliosha upya kila alfajiri, kazi ambayo hakuagizwa na mtu. Kwa maisha yake yote alikuwa hajakutana na kiumbe mwenye kinyaa kama chake.

Boaz naye alikuwa pale. Nchagwa ndiye aliyemwombea kazi ya kukagua ua. Alikuwa kijana mchangamfu, mkewe Risper mpole, na nyumba yao ya kupanga iliyo chini ya kilima ilikuwa safi mpaka sakafu inang'aa. Rangwe nzima, hiyo ndiyo nyumba pekee ambayo Nchagwa alikula bila kuchungulia sufuria. Na Boaz, asubuhi moja akipita kando ya ua, aliusikia mluzi. Yeye alikulia Kegonga. Hakuhitaji kuambiwa ni mluzi gani. Alisimama, akaona wanyama wanavyoukimbilia, akatoa simu mfukoni. Hakumwambia mjomba wake neno. Hilo nalo likumbuke, maana mtu mwema angesema.

Ua ulifunguliwa mwanzo wa mvua. Korongo walisitasita mlangoni, kisha jike yule wa pembe iliyopinda akatoka, na wengine wakamfuata. Alikuwa na mimba. Daktari Dolphine alisimama mbali na darubini yake na machozi yakamtoka, akasema mtoto huyo akizaliwa salama atakuwa korongo wa kwanza kuzaliwa huru bondeni tangu watu walipowamaliza. Nchagwa alitazama mgongo wa yule jike ukizama nyasini. Alikuwa na furaha, na hakutema mate siku nzima.

Halafu dume mmoja akapotea. Wakasema chui. Akapotea jike mchanga. Wakasema fisi. Askari wa hifadhi walizunguka bonde lote wasione mzoga. Nchagwa alinung'unika kwamba fisi gani huyo anayefagia hata damu.

Jumapili moja Boaz alimwalika chakula cha mchana. Risper alikuwa amepika ugali mweupe na nyama ya kukaanga, kitunguu kingi, mchuzi mzito. Akamletea maji ya moto ya kunawa, sabuni, na taulo iliyokunjwa. Nchagwa alinawa mpaka viwikoni, akala, akaongezwa, akala tena. Alisifu mkono wa Risper. Akauliza nyama tamu hivi imetoka bucha gani, na Boaz akasema, "Kula tu, Mjomba," huku anacheka na sahani yake.

Mbwa wao alikuwa amelala mlangoni akitafuna kitu. Nchagwa alimtazama kwa kinyaa cha kawaida, kile cha kila siku, kisha akaacha kutafuna. Mbwa alikuwa ameshikilia sikio kwa makucha. Lilikuwa sikio refu lenye kishungi cheusi kwenye ncha, na shinani mwake imening'inia ile hereni ya plastiki ya njano ambayo Daktari Dolphine huwavisha wanyama wake.

Nchagwa alikuwa bado na tonge mdomoni. Alilitema kiganjani, akaliweka mezani, kando ya sahani, polepole sana.

"Mjomba, usifanye hivyo," Boaz alisema. "Ni swara tu. Hao wanyama ni ya watu wakubwa. Sisi tunapata nini hapa?"

"Umewapataje?"

"Wanakuja wenyewe. Hatukimbizi hata." Na hapo kijana yule, badala ya kuona haya, akaona fahari. Akachomoa simu, akabonyeza, akaiweka katikati ya meza penye mifupa.

Mluzi ukatoka, wa chini, mrefu, unaoshuka mwishoni. Kwanza Nchagwa alidhani ni marehemu baba yake. Alitafuta kwenye kumbukumbu ni nani aliyeweza kuinasa sauti ya mzee, ilhali enzi zake simu kama hizi hazikuwapo, na alipokuwa bado anatafuta ndipo aliposikia nyuma ya mluzi bomba likimwaga maji.

"Ni wewe huyo, Mjomba," Boaz alisema. "Kila asubuhi. Hukujua?"

Nchagwa alitoka nje. Nyuma ya jiko alijitia vidole kooni, akatapika, akajitia tena, akatapika mpaka yakawa yanatoka maji machungu peke yake. Nyama ilikuwa imetoka lakini ladha haikutoka. Kitunguu kile, mchuzi ule. Alikuwa amesifu! Risper alimjia na kikombe cha maji, anasema pole, baba, pole, na Nchagwa aliutazama ule mkono safi uliopika. "Ulijua?" alimuuliza. Risper akainamisha kichwa. Nchagwa hakuyapokea maji yale. Aliiacha nyumba pekee aliyowahi kuiamini, akapanda kilima mdomo ukinuka matapishi.

Alimkuta Daktari Dolphine ofisini. Hakukaa. Alisema yote akiwa amesimama: nyama, sikio, Boaz, simu. Alipofika kwenye mluzi ilibidi aanze upya. "Ni mdomo wangu," alisema. "Wanauliwa kwa mdomo wangu."

Daktari aliweka kalamu chini. Alikuwa na hasira, na haki ya kuwa nayo. "Na mimi nilikuwa nasema wamekuwa watulivu kwa sababu ya chakula kizuri," alisema. "Keti, Mzee Nchagwa. Kabla hujaanguka."

Boaz alikamatwa kesho yake. Alikiri kwamba mitego alikuwa akiitega Jumamosi, wakati Daktari yuko kanisani. Pauline alipiga simu kutoka Kegonga akalia na kutukana kwa pamoja. "Umemtoa mwanangu kwa ajili ya mnyama wa porini," alisema. "Umelaaniwa wewe?" Nchagwa alimwacha amalize. Angemweleza nini dada yake? Kwamba mwanawe alikula, akashukuru, akapangusa mdomo?

Kama mambo yangeishia hapo, tungesema uovu umepatikana na umefungiwa. Lakini sivyo. Siku chache baadaye Nchagwa alikuwa Rangwe kununua chumvi, akapita kwenye kibanda cha Omanga, yule Mkisii anayechaji simu za watu na kuuza vifuniko vyake. Mteja mmoja alikuwa ameegemea pale, kijana ambaye Nchagwa hakumjua, na kutoka kwenye simu yake ukatoka mluzi wa maji. Kijana akacheka, akaurudisha, ukatoka tena.

"Hiyo ni nini?" Nchagwa aliuliza, ingawa miguu yake ilishajua.

"Ni mluzi ya kuita swara," Omanga alijibu, bila ubaya wowote, huku anachomeka waya. "Imeenda kila mahali, mzee. Watu wanatumiana tu. Mpaka Mbita wako nayo."

Nchagwa aliushika ukingo wa kibanda. Pumzi yake, mate yake, midomo yake aliyoisugua kwa mswaki wa mti kila asubuhi, vilikuwa kwenye mifuko ya watu asiowajua, kati ya funguo na tumbaku. Wangeweza kuutoa wakiwa chooni. Wangeweza kuutoa wakiwa wamelewa. Alihisi ameguswa mwili mzima na mikono michafu, na hakuna maji ya kumtosha kuoga. Chumvi aliisahau kwenye meza ya muuzaji.

Daktari Dolphine aliposikia habari hiyo aliweka kichwa mikononi. Simu za bonde zima hazikamatiki. Jike wa pembe iliyopinda ndiye aliyekuwa akiwaongoza wenzake waliosalia, na popote mluzi ulipolia angekuja yeye wa kwanza, mimba na yote. Kumpiga sindano ya usingizi arudishwe bomani kungeweza kumtoa ndama tumboni. Walizungumza asubuhi nzima, na kila njia ilifika ukutani.

"Basi lazima auchukie," Daktari alisema. "Huo mluzi. Askari watauchezesha kwenye simu, akija wampige mpaka ajue kwamba maumivu yanatoka hapo. Ni hilo tu ninaloliona. Na linanichukiza."

"Hapana," Nchagwa alisema. "Mdomo wangu umeshatumiwa na watu wa kutosha. Nitampiga mwenyewe."

Daktari alimtazama. "Utaweza?"

"Sijui."

Walikwenda asubuhi, jua likiwa limeshatoka. Daktari na askari mmoja walibaki garini, mbali, nyuma ya migunga, kwa sababu pembe za korongo si mchezo. Nchagwa aliteremka hadi kwenye uwazi karibu na kijito akiwa amevaa ile ovaroli ya kijivu. Mkono mmoja alishika mjeledi wa kuswagia ng'ombe na mfukoni alikuwa na mawe. Mbung'o walimuuma shingoni na hakuwafukuza. Alijaribu kupiga mluzi na midomo ikakataa. Kitu kilichojipiga chenyewe miaka yote, sasa alipokitafuta hakikupatikana. Alilamba midomo, akafikiria maji yakimiminika, na mluzi ukatoka.

Alikuja. Nyasi ziligawanyika na uso ule mweusi na mweupe ukatokeza, masikio mbele, tumbo kubwa likiyumba. Alimwona Nchagwa na hakusita. Alitembea moja kwa moja hadi mbele yake, akainamisha kichwa pale ambapo birika lilipaswa kuwa, akapuliza chini kwa pua kuangalia kama ni safi.

Nchagwa alimchapa usoni.

Jike aliruka nyuma, akasimama. Hakukimbia. Alimtazama kama mtu aliyekanyagwa mguu sokoni anayengoja kuombwa radhi. Nchagwa akamchapa tena, na tena, na mdomo wake ukafunguka akaanza kutukana. Alimtukana kwa Kikuria na kwa Kiswahili. Alimwita mchafu, mnafiki, mla na kusahau, mwizi wa ng'ombe, mnywa damu za wenziwe. Matusi yote aliyoyaweka maishani kwa ajili ya jirani, na yule mtu wa Osiri, na Boaz, yalimwangukia kiumbe pekee ambaye hakustahili hata moja. Alirusha mawe. Jiwe likampata ubavuni, na ndipo jike akageuka na kukimbia, anakimbia vibaya, kwa uzito wa mimba. Nchagwa alibaki amesimama na mjeledi, anahema, anasikia harufu yake mwenyewe.

Garini Daktari alimwambia amefanya vizuri. Nchagwa akamwomba asirudie tena neno hilo.

Waliporudi siku ya pili alitumaini, kwa roho yake yote, kwamba jike hatakuja. Alipiga mluzi. Na jike akaja. Polepole, kichwa upande, na michirizi ya mjeledi bado inaonekana puani, lakini alikuja, maana mluzi huo ulikuwa umempa maji safi kila alfajiri ya maisha yake na fimbo siku moja tu. Nchagwa nusura aangushe mjeledi. Jiwe lake la kwanza lilimpasua juu ya jicho. Kule garini Daktari Dolphine aligeuza uso.

Mara iliyofuata yalionekana masikio tu, mbali nyasini, yamesimama wima. Nchagwa aliyafuata kwa mawe na matusi. Baadaye hata masikio hayakuonekana, ila mtikisiko wa nyasi kwenda upande mwingine. Wenzake wakajifunza kutoka kwake, maana yeye akikimbia wote wanakimbia. Nchagwa alikuwa akirudi kwake jioni na kukaa bila kupika. Mtu akipika, si lazima ale? Na chakula hupita kwenye mdomo ule ule.

Mvua za pili zilipokaribia kwisha, askari walikamata wanaume wawili kichakani na mitego yao na simu. Walikuwa wamechezesha mluzi tangu asubuhi mpaka betri ikaisha, na hawakuambulia kitu isipokuwa mbung'o. Bonde zima lilicheka. Na wiki hiyo hiyo askari mwingine alisema ameona nyayo ndogo kando ya nyayo kubwa.

Daktari Dolphine alimjia Nchagwa bombani. "Mara moja ya mwisho," alisema. "Nataka nijue kama hiyo hofu itashika hata sasa akiwa na mtoto. Tutasimama juu ya kilima, hatutashuka."

Nchagwa hakutaka. Alikwenda kwa sababu alitaka kumwona huyo ndama zaidi ya alivyowahi kutaka kitu chochote, na hilo hakulisema. Walisimama mwambani, upepo ukiwapiga usoni. Chini bonde lilikuwa la kijani na kimya. Alipiga mluzi, wa chini, mrefu, unaoshuka mwishoni.

Kwenye nyasi, mbali, kitu kikainuka. Ilikuwa ni ile pembe iliyopinda. Jike hakugeuka kutazama ni nani. Alimsukuma kwa pua ndama aliyelala kando yake, kitu chekundu-chekundu cha miguu mirefu na masikio makubwa kuliko kichwa, kikayumba, kikasimama, na wote wawili wakakimbia. Walivuka kijito wakapanda mteremko wa pili bila kupunguza mwendo, ndama amebanana na ubavu wa mama yake, mpaka kilima kikawameza.

Daktari Dolphine aliteremsha darubini. Alikuwa anacheka na kulia. Aliushika mkono wa Nchagwa kwa mikono yake yote miwili akautikisa. "Umemwona, Mzee Nchagwa? Umemwona ndama?"

"Nimemwona akinikimbia," Nchagwa alisema, akaomba maji asukutue mdomo.